Kichwani inakubali, kwenye karatasi inagoma

Mwezi huu maswali mengi yamekuja yakiwa na sura moja, watu wanajenga programu na wanauliza kama kuna haja ya kuandika mambo kwa maneno kabla ya kugusa kibodi. Nimechagua manne. La kwanza nimelijibu kwa urefu kwa sababu naona wengi mtajikuta humo.

SWALI: Dada habari za kazi. Mi ni msanidi programu niko Mwanza, chuo nimemaliza mwaka juzi. Sasa hivi natengeneza mfumo wa vikoba, yani kina mama (na kina baba wapo pia) waachane na lile daftari la mweka hazina, hisa, mikopo, faini, mfuko wa jamii, vyote vikae kwenye simu. Shida ni kwamba hii ni mara ya tatu naufumua. Kila nikianza naiona picha nzima kichwani, naandika kwa spidi wiki mbili hivi, alafu nafika mahali nakwama, nabadilisha jedwali hili ili lile likubali, nikigusa hapa kule kunaharibika, mwisho nafuta naanza upya. Kuna kaka ofisini ni mkubwa kwangu, kaniambia funga laptopu chukua karatasi andika mfumo wako unafanya nini, kurasa mbili tu. Mi naona ni kupoteza muda maana nishaelewa kila kitu, nimekulia kwenye hivi vikoba, mama yangu mwenyewe ni mweka hazina. Nikiandika si narudia tu ninachokijua? Nisaidie.
*Msanidi, Mwanza*

JIBU: Mdogo wangu, huyo kaka msikilize. Sisemi hivyo kwa kuwa ni mkubwa kwako, nasema kwa sababu hiyo kauli ya "nishaelewa kila kitu" nimeisema miaka mingi na kila nilipoisema kulikuwa na shimo mahali nisipopaangalia. Umefumua mara tatu. Kuprogramu unajua, hilo sina wasiwasi nalo hata kidogo, ila mawazo yako hujawahi kuyaona yamekaa mbele yako yametulia, muda wote yako kichwani yanakimbia, na kitu kinachokimbia huwezi kukihesabu.

Tufanye jaribio hapahapa. Chukua sheria moja, ile ambayo mtu wa kikoba hata umwamshe saa nane usiku anakutajia: mwanachama akichelewa rejesho anapigwa faini. Kichwani imekaa vizuri kabisa. Sasa iandike kama unamwelezea mtu ambaye hajawahi kukanyaga kwenye kikoba. Kuchelewa kunaanza lini, kikao kikifungwa au siku ikiisha saa sita usiku? Na kama kikao chenyewe kiliahirishwa kwa sababu kuna msiba mtaani, siku ya rejesho inasogea au inabaki palepale? Faini ni kiasi kimoja kwa wote au ni asilimia ya rejesho? Wiki ya pili akiwa bado hajalipa, anapigwa nyingine au ile ya kwanza inatosha? Akileta nusu, amechelewa au hajachelewa? Faini yenyewe inaingia wapi, kwenye mfuko wa jamii au kwenye faida ya kugawana siku ya kuvunja? Hiyo ni sentensi moja yenye maneno matano, na mi nimeandika tu maswali yaliyonijia wakati mkono unatembea. Kila moja hapo ni safu kwenye databesi yako au ni sharti kwenye msimbo wako, yani kodi unayoiandika, na kila ambalo hukulijibu mwanzo ndo lile linalokukwamisha wiki ya pili.

Twende kwenye hela. Tuseme mama mmoja ana mkopo uliobaki 100,000, riba ya mwezi huu asilimia 10 yani 10,000, na faini 5,000. Jumla 115,000. Analeta 60,000. Swali ni hiyo hela inaanza kulipa nini. Ukianza na faini, ukaja riba, ukamalizia mkopo, basi 45,000 ndo inapunguza mkopo, unabaki 55,000, na riba ya mwezi ujao ni 5,500. Ukianza na mkopo wenyewe unabaki 40,000, riba ya mwezi ujao ni 4,000, ila bado anadaiwa ile riba ya zamani na faini. Angalia vizuri, siku hiyo deni la jumla ni 55,000 kwa njia zote mbili, kwa hiyo ukijaribu mfumo wako kwa siku moja utaona namba zinalingana na utalala vizuri. Tofauti inaanza mwezi unaofuata, shilingi 1,500 kwa mtu mmoja, alafu inajilimbikiza kimyakimya, na itakuja kuonekana siku ya kuvunja kikoba mbele ya wanachama wote, ambapo mama yako ndo atakayesimama kujieleza. Hilo suala halikuwa la kiprogramu. Lilikuwa uamuzi ambao hakuna aliyeufanya, kwa hiyo msimbo ukaufanya wenyewe kwa jinsi tu ulivyopanga mistari.

Na hapa ndo nataka unielewe. Unasema mama ni mweka hazina, na ni kweli yeye anajua majibu ya haya yote, lakini anayajua kwa namna yake, anaamua palepale kikaoni, anajua nani ameuguza mtoto wiki nzima na nani anapiga chenga tu, anasamehe hapa anakaza pale. Hajawahi kuyasema kwa maneno kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Wewe umekulia pembeni ya uamuzi wake ukadhani umeshajua sheria, kumbe ulichokijua ni kwamba mambo huwa yanaenda vizuri. Kompyuta haitaona uso wa mtu. Kaa na mama na hiyo karatasi, msomee sentensi moja moja, utashangaa mara ngapi atakwambia "hapana mwanangu, hiyo inategemea". Kila "inategemea" iandike inategemea nini.

Hata kikoba chenyewe kinakujibu. Kitu cha kwanza watu wakikaa kuanzisha kikoba ni kuandika katiba, tena kabla hata shilingi haijaingia kwenye sanduku. Wanajuana, ni majirani, wengine ndugu kabisa, na bado wanaandika, kwa sababu wanajua maelewano ya mdomo kila mtu anaondoka nayo nyumbani na toleo lake. Basi mfumo wako nao una katiba, tofauti ni kwamba sasa hivi umeitawanya kwenye mafaili 40 na hakuna mahali pa kuisoma.

Kuna mzee anaitwa Leslie Lamport, Mmarekani, ndo aliyetengeneza LaTeX, ile programu ya kupanga maandishi ambayo wengi mmeandikia ripoti za chuo, na alipewa Tuzo ya Turing, ile tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, ya mwaka 2013 kwa kazi yake kuhusu mifumo ya kompyuta nyingi zinazofanya kazi pamoja. Huyu miaka nenda miaka rudi anahubiri jambo moja, kwamba mtu anayefikiri bila kuandika anadhani tu kwamba anafikiri. Na hakuishia kusema, alitengeneza lugha inaitwa TLA+ ya kuandikia mfumo unatakiwa ufanye nini kabla hujaandika jinsi utakavyofanya. Wahandisi wa Amazon wakaanza kuitumia mwaka 2011 kwenye mifumo yao mikubwa ya kuhifadhi data, na mwaka 2015 wakaeleza hadharani walichokuta: kwenye mmoja wao unaoitwa DynamoDB kulikuwa na bagi, yani kosa lililojificha kwenye programu, ambalo ili litokee, hatua 35 zilitakiwa zifuatane kwa mpangilio fulani. Mfumo huo ulishapitiwa na watu wazito, ulishajaribiwa sana, na halikuonekana. Fikiria hatua 35. Hakuna kichwa kinachobeba hizo, changu hakibebi na cha yule mhandisi bora wa Amazon hakikubeba. Sikwambii ujifunze TLA+ kesho, mfumo wako kwa sasa unahitaji kalamu na Kiswahili tu, nakuonyesha kwamba hata waliobobea wanaandika kwanza.

Kichwani mawazo yana tabia ya kuruka. Unawaza "mwanachama analipa kwa simu, salio linapanda", ukifika kati pale pagumu akili inaruka inatua ng'ambo, na wewe unahisi umevuka. Ukiandika huwezi kuruka, lazima neno hili lifuatwe na lile, na pale pagumu kalamu inasimama. Chukua hayo malipo ya simu. Mitambo ya kampuni za simu ikikutumia ujumbe kwamba hela imeingia, na seva yako ikachelewa kuitikia, ujumbe uleule unaweza kutumwa tena, ndivyo ilivyopangwa ili malipo yasipotee. Andika hiyo hadithi kwa maneno, hatua kwa hatua, utafika kwenye sentensi "ujumbe ukifika tunaongeza salio" na utajiuliza ukifika mara mbili je. Hapo ndo utakumbuka kuhifadhi namba ya muamala na kuangalia kama ulishaipokea. Ukiwa kwenye msimbo hutajiuliza, maana hapo akili yote iko kwenye kufanya mistari ikubali.

Sasa fanya hivi. Asubuhi moja, simu mbali, laptopu imefungwa. Anza na mtu mmoja anayeutumia mfumo, anataka nini, anafanya nini, nini kinatokea. Andika sentensi kamili, usiweke vidoti vidoti, kwa sababu vidoti vinakuruhusu kupanga vitu viwili juu na chini bila kusema vinahusiana vipi, na uhusiano ndo kazi yenyewe. Jihadhari na maneno ya kujifichia, kuna "n.k.", kuna "kwa kawaida", kuna "mfumo utashughulikia". Ukijikuta umeandika "mfumo utashughulikia marejesho yaliyochelewa" ujue hapo hujui, piga mstari chini, rudi. Ukikwama andika hivyohivyo, "hapa sijui", ni sentensi nzuri sana hiyo na ina thamani kuliko msimbo wa siku nzima. Alafu kurasa zikijaa zilaze usiku mmoja, kesho yake zisome kwa sauti. Utayasikia mashimo. Hiyo asubuhi itajilipa mara nyingi tu kwa zile wiki mbili unazopoteza kila mara.

SWALI: Dada, habari kutoka Nairobi. Mimi naongoza timu ya madevelopa sita. Kwetu shida si kukosa kuandika, tunaandika mpaka basi. Bosi alisema kila mradi lazima uwe na dokumenti kabla ya kuanza, sasa tuko nazo za kurasa 40, ziko na kurasa ya jina, ziko na historia ya mabadiliko, ziko na michoro, na hakuna mwenye anazisoma. Tukishaanza kazi kila mtu anafanya venye anajua. Nilikuwa naamini kuandika kunasaidia lakini sasa nimeanza kuona ni ya kufurahisha wakubwa tu. Nakosea wapi?
*Kiongozi wa timu, Nairobi*

JIBU: Ndugu yangu hukosei kuona hivyo, umeona sawa. Kuna kuandika ili kufikiri na kuna kuandika ili kuonekana umefikiri, na hicho kiolezo cha kurasa 40 kimewapeleka kwenye la pili. Ukiangalia hizo kurasa, nadhani 35 mnazijaza bila hata kuwaza, mnanakili za mradi uliopita mnabadilisha jina.

Nikupe mfano wa watu walioandika kidogo na kikatoka kikubwa. Aprili 1969, wanafunzi wachache wa vyuo vya Marekani walikuwa wanapanga jinsi kompyuta za vyuo tofauti zitaongea, ndo ule mtandao uliokuja kuzaa intaneti. Hawakuwa na cheo wala hawakujua nani ana mamlaka. Mmoja wao, Steve Crocker wa chuo cha UCLA, California, ndo akajitolea kupanga maandishi ya walichokuwa wakijadili, akaandika usiku akiwa bafuni ili asiwaamshe wenzake waliolala, na ule waraka wa tarehe 7 Aprili ukawa RFC namba 1, maana yake ombi la maoni. Jina lenyewe alilichagua hivyo ili mtu asihisi anapewa amri. Mwezi huohuo kwenye RFC namba 3 akaweka utaratibu, na mi huu utaratibu naupenda kuliko miongozo yote niliyowahi kupewa kazini: waraka unaweza kuwa na sentensi moja tu, na unaruhusiwa kuleta swali bila kuwa na jibu lake. Aliona kwamba watu wanaogopa kuandika kwa sababu kilichoandikwa kinaonekana kama kimeshaamuliwa, akaiondoa hiyo hofu. Mpaka leo RFC zimepita 9,000.

Kwa hiyo zile 40 zipunguze. Amazon mwaka 2004 Jeff Bezos alipiga marufuku PowerPoint kwenye vikao vya viongozi wake wa juu, badala yake mwenye wazo analeta waraka wa sentensi na aya, usiozidi kurasa sita, na kikao kinaanza kwa watu wote kukaa kimya wanausoma palepale. Hicho kimya ndo kitakachokusaidia wewe, kwa sababu unasema hakuna mwenye anazisoma, basi usitegemee wazisome nyumbani, wape dakika 20 mwanzo wa kikao na kalamu mkononi. Na wewe mwandishi ukijua watu sita watakusoma leo saa nne huwezi kuleta porojo.

Ila kuna kitu kimoja nakuomba kisikosekane hata mkibaki na nusu ukurasa, nacho ni sababu. Mlichokifanya kinaonekana kwenye msimbo. Kwa nini mlifanya hivyo hakionekani popote. Miaka ya nyuma nilikuwa kampuni moja hivi, tulikuwa na mfumo wa ada za shule, nikakuta sehemu inayosubiri saa 48 kabla ya kumtumia mzazi ujumbe kwamba anadaiwa. Niliuliza, hakuna aliyejua, aliyeandika alishaondoka. Nikaona ni uchafu nikautoa. Jumatatu iliyofuata wazazi waliolipa benki Ijumaa jioni wakapata ujumbe wa kudaiwa, maana taarifa za benki za Ijumaa jioni zilikuwa zinatufikia Jumatatu mchana. Kuna baba alikuja na risiti mkononi, ameacha kazi yake kuja kuthibitisha kwamba si mwongo. Niliumia sana siku ile. Sentensi moja tu, "tunasubiri saa 48 kwa sababu ya malipo ya benki ya mwisho wa wiki", na hayo yasingetokea.

Na hilo limeangusha hata roketi. Tarehe 4 Juni 1996 Ariane 5 ilirushwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, na sekunde kama 40 baadaye ikapasuka angani. Programu ya kuongoza mwelekeo ilirithiwa kutoka Ariane 4. Kulikuwa na namba inayohusu mwendo wa kwenda upande, ilikuwa inahamishwa kutoka nafasi kubwa ya biti 64 kwenda nafasi ndogo ya biti 16 ambako namba ya mwisho inayoenea ni 32,767, na kwa Ariane 4 isingeweza kufika huko, kwa hiyo waliamua kwa makusudi wasiiwekee kinga. Uamuzi ulikuwa na sababu nzuri kwa roketi ile. Ariane 5 ilikuwa na mwendo mkali zaidi, namba ikapita. Tume iliyochunguza ilikuta kwamba sababu ya kutoweka kinga haikuandikwa ndani ya msimbo, na kwenye lundo la nyaraka ilikuwa imefichika kabisa. Umeona hapo, nyaraka zilikuwepo tena nyingi! Hizo ndo zile zako za kurasa 40. Kilichokosekana ni ile sentensi moja mahali ambapo mtu angejikwaa nayo.

Kuna mhandisi anaitwa Michael Nygard, mwaka 2011 alipendekeza kila uamuzi mkubwa uandikiwe ukurasa mmoja au miwili, hali ilikuwaje, tumeamua nini, na kitakachofuata kwa sababu ya uamuzi huo kizuri na kibaya, faili zikae humohumo msimbo ulipo na zipewe namba. Ukiamua vingine mwakani hufuti la zamani, unaandika jipya linalosema lile la zamani limepitwa. Timu ya watu sita mnaweza kuanza wiki hii. Bosi mwonyeshe tatu za kwanza, alafu ndo uombe ruhusa ya kuacha kile kiolezo.

SWALI: Dada mi naona haya mambo yameisha siku hizi. Naiambia akili mnemba (AI) wazo langu kwa mistari miwili inanipa waraka mzima umepangwa vizuri kuliko ambavyo ningeandika mimi, dakika moja. Kuna haja gani ya kuhangaika na kalamu?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Waraka utaupata, sikatai, na utakuwa msafi. Lakini rudi kwa yule mdogo wetu wa Mwanza. Angeomba waraka wa mfumo wa vikoba angepewa mzuri kabisa, ungesema faini inatozwa kwa mujibu wa taratibu za kikundi, na angeridhika, na lile swali la hela inaanza kulipa nini lingejibiwa kwa namna fulani ya kukisia bila yeye kujua kwamba lilikuwa swali. Unachokitafuta kwenye kuandika ni ile kukwama, pale kalamu inaposimama kwa sababu wewe hujui. Mwingine akikuandikia hutakwama popote.

Tumia hivi ukitaka: andika wewe kwanza, hata vibaya, hata na makosa, alafu mpe hiyo akili mnemba umwambie akuulize maswali 10 magumu kuhusu ulichoandika, asikusahihishe wala asikuongezee. Majibu unaandika wewe kwa mkono wako. Nimelifanya hilo na linasaidia, na maswali mengine yatakuwa ya kijinga, yaruke. Alafu kuna jambo lingine, siku hizi ukitaka hizo programu zikuandikie msimbo unaofaa lazima uzieleze kwa uwazi unataka nini, kwa hiyo anayejua kuandika mawazo yake ndo anayefaidi nazo zaidi. Kalamu haijaenda popote.

SWALI: Assalam alaikum dada. Mimi nasoma mwaka wa tatu Zanzibar, kompyuta sayansi. Nikitaka kuandika maelezo ya mradi wangu naandika Kiingereza kwa sababu ndo tunachofundishiwa, lakini najikuta naandika sentensi ambazo nikizisoma tena hata mwenyewe sielewi nilitaka kusema nini. Nikifikiria kuandika Kiswahili naona haya, wenzangu wataniona sipo makini. Ni sawa mtu kuandika mambo ya programu kwa Kiswahili?
*Mwanafunzi, Zanzibar*

JIBU: Waalaikum salaam mdogo wangu. Ni sawa, na kwa waraka wa kwanza kabisa mimi ningesema ni lazima.

Alikuwepo mwanasayansi wa kompyuta Mholanzi, Edsger Dijkstra, Tuzo ya Turing 1972, yule wa ile njia ya kutafuta njia fupi mliyoisoma mwaka wa pili. Kwa miaka mingi aliandika nyaraka, nyingi kwa kalamu ya wino, akazipa namba, akawapelekea watu nakala, zikafika zaidi ya 1,300 mpaka anafariki mwaka 2002. Huyu aliandika mwaka 1975 kwamba ukiacha mwelekeo wa kihisabati, kitu muhimu kuliko vyote kwa mwanaprogramu hodari ni kuimudu vizuri sana lugha yake ya kuzaliwa. Aliandika kuhusu lugha aliyozaliwa nayo mtu, kwa hiyo na wewe umo. Niliposoma hilo nilikaa nalo muda mrefu, maana mi nami nilikuwa nakuona kuandika Kiswahili kazini ni kama kujishusha.

Ukiandika kwa lugha usiyoimudu vizuri unakuwa na mizigo miwili, unatafuta wazo na unatafuta neno, na neno likigoma unachukua la jirani, unaweka kitu kinachosikika kitaalamu, sentensi inapita na wazo limebaki nyuma. Kwa Kiswahili chako huna pa kujificha. Ukiandika ujinga unausikia ni ujinga, sikio lako limelelewa humo, Unguja yote imo ndani yake.

Na lugha yetu ina vifaa vyake ambavyo hujaambiwa ni vifaa. Chukua hii -ki-. "Mteja akilipa, oda inatoka." Hiyo akilipa ni pale atakapolipa au ni kama atalipa? Kiswahili kinabeba yote mawili kwenye silabi moja, mdomoni haina tabu, kwenye programu ndo tabu inapolala, kwa sababu ukiisikia kama "pale atakapolipa" umeshachukulia kwamba atalipa. Kwa hiyo mi nina zoezi nalifanya kila waraka: nazungushia kila -ki-, alafu chini yake naandika -sipo- yake. Akilipa, asipolipa. Mtandao ukirudi, usiporudi. Daktari akithibitisha, asipothibitisha. Kila -sipo- ambayo sina jibu lake hapo pana bagi linanisubiri, na nalikuta nikiwa nimekaa na chai, si saa tano usiku mteja akipiga simu.

Kingine ni ile -w- ya kutendwa. "Salio linasasishwa." Nani analisasisha, saa ngapi, na nani anajua kama limeshindikana? Kitenzi cha kutendwa kinamficha mtendaji, na kwenye mfumo wenye seva tatu na simu ya mtu mkononi, mtendaji ndo jambo lenyewe unalotakiwa kujua. Igeuze, "seva ya malipo inasasisha salio", ikigoma kugeuka ujue hujaamua bado kazi hiyo ni ya nani. Na hivyohivyo "amelipa" na "ameshalipa", tumia hiyo ya pili uone kama bado ni kweli, utagundua wakati mwingine hela iko njiani tu.

Maneno ya kiufundi usihangaike nayo, andika seva, databesi, hata ukichanganya neno la Kiingereza mahali si dhambi, huu waraka wa kwanza ni wako. Ukishakaa sawa ndo unaupeleka Kiingereza kwa ajili ya mwalimu, na utaona tafsiri inateleza, kwa sababu sasa una cha kusema. Anza na huo mradi wako wa mwaka wa tatu, ukurasa mmoja, zungushia hizo -ki- zote, na toleo lijalo niandikie uniambie -sipo- ngapi zilikosa jibu.